Mtini Si Pambo la Bibi Harusi: Tuache Kuuziwa Miche kwa Jina la Dini



Leo sina mshono wa kuwaonyesha wala rangi ya shela. Nina jambo limenikaa rohoni msimu mzima wa harusi na nitalisema kama lilivyo. Atakayechukia anisamehe, atakayefaidika aniombee dua.

Umeingia mtindo wa kumuuzia bibi harusi mche wa tini. Anaambiwa nyumba ya Muislamu haikamiliki bila mtini. Anaambiwa mche umetokana na mbegu za Madina, ukipandwa kwenye chungu barazani utaleta baraka, utafungua kizazi na utamtuliza mume. Basi msichana wa watu, ambaye mahari yenyewe imeshagawanywa kwenye kitanda, makabati na vyombo, anatoa laki na zaidi kwa kijiti chenye majani manne. Baada ya miezi mitatu kijiti kimekufa, na yeye anabaki anajiuliza kama ni hasadi, jicho, au imani yake ndogo.

Mimi ni fundi cherehani na mfanyabiashara. Nashona magauni ya harusi, mashela na mabaibui, na ninaishi Tingi, Wilaya ya Nyasa, mkoani Ruvuma, ambako niliolewa. Mzigo wangu unatelemka Mbamba Bay na unapanda Mbinga, mwingine unafika Dar na kuvuka boti mpaka Unguja. Wateja wangu watatu wameingia kwenye mtego huu. Mmoja alinitumia picha ya "mtini" wake anisaidie kujua kwa nini hauzai. Nikatazama jani: la mviringo, halina vidole. Dada zangu, ule ulikuwa mkuyu! Mkuyu huu huu unaoota wenyewe kando ya mito huku kwetu, alinunua kwa bei ya kitambaa cha gauni zima.

Muuzaji simtaji, maana si mmoja. Ninachotaka ni tujue mambo mawili: dini imesema nini hasa, na mti wenyewe unataka nini. Ukiyajua haya mawili, hakuna atakayekuuzia mkuyu kwa jina la tini.

Tuanze na dini

Ni kweli Allah (S.W) ameapa kwa tini na zeituni katika Suratu At-Tin, sura ya 95. Huo ni utukufu mkubwa kwa tunda hili na hakuna Muislamu anayeukataa. Lakini kuapa kwa tini hakumaanishi kila mwanamke ameamrishwa aupande barazani. Katika sura hiyo hiyo umetajwa Mlima Sinai, na hakuna aliyetuuzia kokoto za Sinai tuziweke sebuleni. Au wanakuja?

Wauzaji wanapenda pia kueneza maneno kwamba Mtume (S.A.W) alisema tini ni tunda lililoshuka kutoka Peponi. Dada yangu, kabla ya kusambaza, uliza. Ibn al-Qayyim, mwanachuoni wa Damascus aliyefariki mwaka 1350, ameitaja riwaya hiyo katika kitabu chake Zad al-Ma'ad na akaeleza kuwa kuthibiti kwake kuna shaka. Na papo hapo ameeleza jambo ambalo lingetosha kufunga biashara hii yote: tini haikuwa mti wa Hijazi na Madina, ndiyo maana hatuikuti ikitajwa katika Sunna, kwa sababu ardhi inayoufaa mtende haiufai mtini.

Soma tena hapo. Mji wa Mtume wetu ulikuwa mji wa mitende. Bwana Mtume na wake zake, mama zetu waumini, waliishi na tende, maji, maziwa na shayiri. Hawakuwa na mtini uani, na nyumba zao ndizo zilizokuwa na baraka kuliko nyumba zote. Wewe wa Jang'ombe au Wete unaambiwaje nyumba yako ina upungufu? Na hizo "mbegu za Madina" ndizo zipi?

Yaliyothibiti kuhusu kupanda ni mapana na hayachagui mti. Katika Bukhari na Muslim tumefundishwa kuwa Muislamu akipanda mti, kisha akala ndege, mtu au mnyama, ni sadaka kwake. Haikusemwa mtini tu. Mlimau ni sadaka. Mpera, mstafeli, mkomamanga, hata mpapai ulioota jalalani ukautunza, ni sadaka. Na katika Muslim pia tumefundishwa kuwa anayetughushi si miongoni mwetu, na hilo lilisemwa sokoni, kwa muuza nafaka aliyeficha iliyolowa chini ya kavu. Basi anayeuza mkuyu akauita tini ajitazame yuko upande gani.

Sasa mti wenyewe

Swali sahihi ambalo bibi harusi angepaswa kuuliza kabla ya kutoa pesa ni hili: kwetu ni mahali pake? Mti ni kama kitambaa. Velveti ni nzuri, lakini ukimvalisha mtu Forodhani mchana wa Februari umemtesa. Hukosei kitambaa, unakosea mahali.

Mtini ni mti wa nchi zinazozunguka bahari ya Mediterania na Asia ya Magharibi. Uturuki ndiyo inayoongoza duniani kwa tini, na tini kavu nyingi tunazonunua Ramadhani zinatoka huko. Kule mvua inanyesha wakati wa baridi, na kiangazi ni kikavu chenye jua kali, na matunda yanaiva na kukaukia humo humo. Hata ndugu zetu wa Oman, tini na makomamanga yao yanayosifika ni ya Jabal Akhdar, mlimani, si ya pwani ya Muscat yenye joto na unyevu. Kwa hiyo ukisikia "mti wa Waarabu", jua kuwa hata kwa Waarabu kuna mahali unapokubali na mahali unapogoma.

Mtini unataka vitu vinne. Wa kwanza ni jua la moja kwa moja saa 6 hadi 8 kwa siku. Wa pili ni udongo usiotuamisha maji. Wa tatu ni kipindi kirefu kikavu wakati matunda yanaiva. Wa nne ni kupumzika, ama kwa kibaridi ama kwa ukame, ili upukutishe majani na kuanza upya. Baridi kali si lazima, aina nyingi zinaridhika na kibaridi kidogo sana.

Sasa pima visiwa vyetu kwa vigezo hivyo. Unguja hupata mvua kama milimita 1,600 kwa mwaka na Pemba huzidi hapo. Kuna masika, kuna vuli, na katikati hewa imejaa unyevu wa bahari. Huo unyevu ndio unaoleta ugonjwa wa kutu: chini ya jani panatokea ungaunga wa rangi ya chungwa, jani linakuwa la kahawia, linaanguka. Mti unavuliwa majani yote kama umefanyiwa uchawi. Sasa unajua, si hasadi ya wifi yako. Ni kutu.

Matunda nayo yakipata mvua wakati wa kuiva yanapasuka, yanachacha na sisimizi wanaingia. Na udongo wa kichanga una minyoo midogo isiyoonekana kwa macho, inayofanya vinundu kwenye mizizi na kuudhoofisha mti. Hii ndiyo hali halisi. Muuzaji anaijua au haijui, lakini pesa anachukua.

Mikoa inayofaa hasa

Ukiniuliza Tanzania hii mtini uko nyumbani wapi, nitakujibu: fuata mzabibu. Miti hii miwili inapenda mambo yanayofanana. Dodoma ina msimu mmoja wa mvua, kuanzia Desemba hivi mpaka Aprili, mvua yenyewe haizidi sana milimita 600, halafu jua na ukavu miezi yote iliyobaki. Ndiyo maana zabibu za nchi hii ni za Dodoma. Mtini hapo, ukipewa maji kwenye shina, unastarehe.

Wa pili, na hapa mtasema najipendelea, ni ukanda wetu huu kuanzia vilima vya Mbinga mpaka ufukwe wa Ziwa Nyasa. Nitawapa sababu, mzipime wenyewe. Mvua yetu si haba, huenda ikafanana na ya kwenu au kupungua kidogo. Lakini haiji mara mbili kwa mwaka. Inaanza Novemba au Desemba, inakatika Aprili au Mei, halafu mbingu inafungwa. Kuanzia Juni mpaka Oktoba ni vumbi na jua. Juni na Julai huku vilimani kunakuwa na baridi ya kuvalia sweta, na mtini unapumzika wenyewe. Ukitelemka ziwani, ambako ni kama mita 475 tu juu ya usawa wa bahari, joto linarudi na matunda yanaiva mapema zaidi. Kwa hiyo kinachohesabika si wingi wa mvua tu, ni mvua inakuja lini na inaondoka lini.

Tena Wamatengo wa Mbinga wana elimu yao ya ngoro, kilimo cha mashimo kwenye miteremko mikali. Wanalaza majani yaliyofyekwa kwa mistari inayokatana, wanafunika kwa udongo wa katikati, panabaki tuta juu na shimo chini. Maji yanashikwa shimoni na udongo hauporomoki. Kazi kubwa ya ngoro inafanywa na wanawake. Mimi nimejifunza kwao: mitini yangu miwili nimeipanda juu ya tuta, sikuipanda shimoni, na hata mvua za Januari mizizi haiozi. Vipande vya matawi alivitoa wifi yangu kwa jirani yake Dodoma, bila senti, kwa sababu mtini unapopogolewa matawi yanatupwa. Ndiyo, yale mnayouziwa laki, penye mitini yanaishia kwenye takataka.

Na dada wa kisiwani akiutaka hata hivyo?

Sisemi usipande. Nasema usidanganywe. Ukiutaka kwa mapenzi yako, fuata haya.

Usitafute shamba lenye udongo mzito wenye rutuba upande wa mikarafuu. Nenda kwenye maweni, upande wa mashariki na kusini mwa Unguja, kama Makunduchi, ardhi ambayo watu wanaidharau kwa mawe yake. Mtini unavumilia udongo wa chokaa, na mawe yale hayatuamishi maji. Ardhi inayobezwa kwa mikarafuu inaweza kuwa bora kwa tini. Kama huna shamba, tumia ndoo ya lita 20 iliyotobolewa vizuri chini, weka mchanganyiko wa udongo, mboji na kokoto, uiweke penye jua na upepo. Barazani kivulini hapafai, hata pawe pamepambwa vipi.

Usipande mbegu za tini kavu. Hapa ndipo ulaghai mkubwa ulipo, nisikilize vizuri. Tini kavu nyingi za Uturuki ni za aina inayohitaji nyigu mdogo maalumu aingie ndani ya tunda kulichavusha. Nyigu huyo ni wa nchi za mitini, hatukuletewa pamoja na pakiti. Mbegu zitaota, ndiyo, na mche utapendeza. Lakini karibu nusu ya miche itakuwa madume yasiyofaa kuliwa, na majike mengi yataangusha matunda machanga kwa kumkosa nyigu. Utasubiri miaka mitano bila kuonja. Unachotaka ni kipande cha tawi kutoka mti wa aina inayozaa bila nyigu, kama Brown Turkey au Kadota, na mti huo uwe umeuona ukizaa kwa macho yako au ya mtu unayemwamini. Tawi la unene wa penseli, urefu wa sentimita 20 hadi 25, vifundo viwili chini ya udongo. Na majani uyatazame: jani la mtini ni pana, linakwaruza, lina vidole vitatu mpaka vitano kama kiganja.

Kama kipande kinatoka nje ya nchi, usikifiche kwenye sanduku la nguo kati ya mabaibui. Mimea inahitaji cheti cha afya, na bara kuna mamlaka yake, TPHPA. Ugonjwa mmoja ukiingia unaweza kuumiza mazao ya watu ambao hata tini hawaijui.

Kisha hesabu misimu. Tunda la mtini linatoka kwenye tawi jipya, na kutoka kuchipua mpaka kuiva ni kama miezi 3 hadi 4. Kwa hiyo pogoa mara mvua zinapokatika ili matunda yaive kabla hazijarudi. Unguja, pogoa mwanzoni mwa Juni masika yakiisha, kipupwe kiupitie mti, uchume kabla ya vuli. Huku kwetu tunapogoa mwishoni mwa Aprili au Mei. Majani yenye kutu okota yote uyachome, usiyaache chini ya mti. Matunda yakianza kulainika yavishe vifuko, maana ndege na popo hawangoji karamu. Mimi navishona kwa mabaki ya neti ya shela, kamba nyembamba shingoni, na yanaiva salama. Na uchume likishaiva kabisa, kwa sababu tini ikichumwa mbichi haiivi ndani ya nyumba kama embe.

Neno kwa mabibi harusi hasa

Mdogo wangu, kuna jambo la hatari kuliko kupoteza laki. Nimesikia wanaowaambia mabibi harusi wachanganye utomvu wa mtini, ule mweupe kama maziwa, kwenye singo au waupake usoni kuondoa madoa. Usithubutu. Utomvu na majani ya mtini yana kemikali ambayo ikiwa kwenye ngozi na jua likaipiga, inaunguza. Siku ya kwanza huoni kitu. Siku ya pili ngozi inawaka na kutoa malengelenge, na baadaye linabaki doa jeusi la miezi. Hakuna poda itakayoficha hilo siku ya kutolewa nje. Somo wako akikuletea, mwambie kwa adabu: "Bibi, hili hapana." Hata mimi nikipogoa navaa glavu na mikono mirefu.

Na kizazi? Tini ni chakula kizuri. Ina nyuzinyuzi zinazosaidia choo, ina kalisi na potasiamu. Lakini ile kavu karibu nusu ya uzito wake ni sukari, kwa hiyo mwenye kisukari asile kama karanga. Ukichelewa kupata mtoto, wewe na mumeo nendeni hospitali wote wawili, muombe dua, na msimwachie muuza miche kazi ya daktari. Kinachoniuma zaidi ni hapo: mti ukifa, mwanamke anaambiwa ni dalili. Nimeona bibi harusi analia kwa sababu mche umekauka na mawifi wameanza kunong'ona. Ndoa mpya inatiwa doa na kijiti cha mkuyu!

Pemba haina aibu kwa kukosa kahawa, na Mbinga haina aibu kwa kukosa karafuu. Allah amegawa ardhi kama alivyogawa riziki, kila mahali na chake. Mpemba anakunywa kahawa yetu, sisi tunatia karafuu zenu kwenye pilau, na hakuna aliyepungukiwa imani. Basi tini iwe hivyo hivyo. Penye ukavu na jua tuipande kwa wingi, tuuze kwa haki, na siku moja dada wa Unguja anunue tini ya Dodoma au ya Nyasa badala ya kungoja ya Uturuki. Hiyo ni biashara halali, nayo ina nafasi kubwa kwa wanawake wa huku. Pasipofaa, tupande mlimau tunywe juisi.

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Bidhaa inayohitaji jina la Mtume (S.A.W) ili inunuliwe, itazame mara mbili. Muulize muuzaji maswali matatu: ni aina gani, mama yake mti huu yuko wapi, na umeshazaa? Akianza kukujibu kwa aya na hadithi badala ya kukuonyesha mti, funga pochi yako uende ukanunue kitambaa.

Tuma ujumbe huu kwa kila mwenye harusi mfungo tatu hii. Na wewe uliyekwisha nunua ukafiwa na mche, usijilaumu wala usiitilie shaka ndoa yako. Rudi kwa aliyekuuzia udai pesa yako kwa heshima, mbele ya shahidi. Ni haki yako.

Wallahu a'lam.

Dada yenu katika imani, fundi wa Tingi